Mume wangu anastaafu mwakani, na kila mtu ashampangia pesa zake

SWALI

Shangazi, assalaam aleikum.

Naandika kutoka Mikindani. Mume wangu anafanya kazi kwenye yadi ya makontena upande wa Changamwe. Alianza akihesabu mizigo, leo ni msimamizi wa zamu. Mkataba wao unasema mtu anastaafu akitimiza miaka 60, naye anaitimiza mwakani. Mimi nina miaka 50. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi hapa barazani, jioni viazi karai na bajia. Watoto ni wanne: wawili wana majumba yao, mmoja yuko chuo, wa mwisho yuko kidato cha tatu.

Tangu habari ya kustaafu ijulikane, ukumbi wetu umegeuka ofisi ya madalali. Taarifa ya mfuko wa pensheni wa kampuni inasema amefikisha shilingi milioni 3.6, na yeye anasema atapewa zote kwa mkupuo. Binamu yake amemletea nyumba ya Kiswahili kule Majengo, vyumba sita, bei milioni 3, kila chumba kinapangishwa 3,500. Ni nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi analipwa kodi yake kando. Binamu anasema ni bahati, tukichelewa itachukuliwa. Mtoto wetu mkubwa anataka anunuliwe tuktuk mbili. Mwenyewe moyo wake uko kwao Msambweni, kwenye shamba aliloacha babu yao. Anataka tuhame, ajenge, apande minazi na mikorosho, afuge mbuzi. Lakini ana sukari na presha, kliniki yake iko Makadara, na wateja wangu wote wako hapa.

Kuna rafiki yake kazini anayemshauri ajiuzulu sasa, kabla ya 60, serikali isije ikamkata kodi. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nako ameangalia akakuta pesa kidogo kuliko alivyodhani, anasema ameibiwa. Nilipotaja pensheni ya kila mwezi akaniambia hiyo ni riba, niachane nayo. Na nikizidi kuuliza naambiwa pesa hizi si zangu. Ni kweli, sikuzitolea jasho. Ila nataka kujua: astaafu lini, tukae wapi, na hizo pesa azichukue vipi?

Mama Mahamri, Mikindani

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Umekubali upesi mno kwamba pesa si zako. Yeye ana 59, wewe una 50. Wanawake kwa kawaida huishi zaidi ya wanaume, na juu ya hapo amekutangulia miaka tisa. Mungu akijaalia mambo yaende kwa kawaida yake, pesa hizi zitamlisha yeye miaka ishirini, na wewe zinatakiwa zikulishe thelathini. Na hilo la jasho, sijui nani aliyekuwa akiamka alfajiri kusukuma mahamri ili karo ilipwe mshahara ukiwa umechelewa.

Kwa hiyo kila mpango utakaoletwa ukumbini kwako uupime kwa swali moja: kila mwezi utatuingizia shilingi ngapi, na siku mume wangu akiwa hayupo utaniingizia mimi shilingi ngapi? Usione haya kuliuliza mbele ya binamu.

Anza na hesabu rahisi, bila faida wala kupanda kwa bei. Milioni 3.6 ukizigawa kwa miaka ishirini unapata shilingi 15,000 kwa mwezi. Ukitoa milioni 3 za nyumba, laki sita zinazobaki ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwonyeshe tarakimu hizo mbili kabla hamjaenda kuitazama nyumba yenyewe, kwa sababu mtu akishaona vyumba sita vimepangishwa, macho humshinda.

Sasa hiyo nyumba. Nyumba bila ardhi ni jambo la kwetu Mombasa, na ukimweleza mtu wa bara atadhani unamtania. Mji huu una watu waliosajili ardhi zao tangu sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, ardhi zikabaki mikononi mwa familia chache, nyingine zikawa za wakfu, na waliokuja baadaye wakajenga juu yake kwa makubaliano ya kulipa kodi ya ardhi. Watu wamezaliwa, wameoana na wamezikwa kutoka kwenye nyumba hizo, na wengi hawajawahi kusumbuliwa. Kwa hiyo sisemi kila anayenunua ametapeliwa. Ninachosema ni kwamba anachonunua mumeo ni kuta, milango na mabati. Hatimiliki ni ya mwingine. Mwenye ardhi akifa, wanawe wakagawana na mmoja akamuuzia mtu anayetaka kujenga ghorofa, notisi itakayokuja haitauliza kama uliweka kiinua mgongo chako chote hapo. Benki haitaipokea nyumba hiyo kama dhamana, na ukitaka kuiuza haraka kwa sababu ya ugonjwa, utauza kwa bei ya dalali.

Tuichukue hesabu ya binamu kama alivyoileta. Vyumba sita kwa 3,500 ni shilingi 21,000 kwa mwezi, yaani 252,000 kwa mwaka, na hiyo ni kama hakuna mpangaji hata mmoja anayehama usiku. Milioni 3 zitarudi baada ya karibu miaka kumi na miwili. Toa kodi ya ardhi, toa mabati, toa choo kikijaa, toa chumba kinachokaa kitupu, inakaribia kumi na tano. Mumeo atakuwa na umri gani? Pengine hesabu hiyo ingevumilika kama ardhi ingekuwa yenu. Si yenu.

Kisha kuna jambo ambalo madalali hawalitaji kamwe. Akinunua kwa jina lake na akatangulia mbele ya haki, nyumba inaingia kwenye mirathi. Wewe, kwa kuwa ameacha watoto, fungu lako ni thumni, sehemu moja ya nane. Thumni ya vyumba sita haitimii hata chumba kimoja. Silaumu sheria ya Mwenyezi Mungu, fungu ni fungu. Nasema tu kwamba mume anayetaka mkewe awe na pa kuegemea huliweka hilo sawa angali hai, kwa hiba iliyoandikwa na kukabidhiwa mbele ya mashahidi, au kwa pensheni inayoendelea kumlipa mke. Nitaifikia hiyo pensheni.

Kama bado anataka nyumba ya kupangisha, basi anunue pamoja na ardhi, hata kama ni chumba na choo nje ya kisiwa. Na kabla ya kutoa hata shilingi ya arubuni, afanyiwe upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi, na karatasi ya upekuzi aichukue yeye mwenyewe au wakili wake, asiletewe na dalali. Ikionekana ardhi ni ya wakfu, mazungumzo yamekwisha, maana wakfu hauuzwi.

Msambweni sikupingi wala sikuungi mkono moja kwa moja, kwa sababu huko mna mambo mawili yaliyochanganywa. Moja ni hamu ya mtu kurudi kwao, na hiyo haina dawa. Jingine ni kuweka pesa kwenye ardhi ambayo ingali kwa jina la babu. Akijenga nyumba ya mawe kwenye shamba lisilogawanywa, anawajengea ndugu zake wote na wana wao. Leo wanamkaribisha, kesho kila mmoja ana neno lake. Kwanza mirathi ya babu ipelekwe mahakama ya kadhi, mafungu yajulikane, kisha ardhi ipimwe na kuandikwa upya. Kazi hiyo inaweza kuchukua miaka, na ndiyo kazi nzuri ya mwaka wake wa kwanza wa kustaafu. Minazi pia ina mambo yake: mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Apande, ni sadaka na ni kivuli, lakini asiihesabu kama mshahara.

Kuhusu ugonjwa wake, Msambweni kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, kwa hiyo asitishwe kwamba huko hakuna daktari. Kinachonizuia ni biashara yako. Hebu angalia: mwakani mshahara wake unakatika, na pato pekee litakaloendelea kuingia nyumbani kwenu bila kumwomba mtu ni karai lako. Wateja hao umewajenga kwa miaka, hawafungwi kwenye kikapu wakapandishwa matatu hadi Msambweni. Mna mtoto wa chuo na wa kidato cha tatu. Kuhama sasa ni kuzima pato la pili mwezi ule ule la kwanza linapozimika. Mimi ningesema mkae Mikindani angalau mpaka huyo wa mwisho amalize shule, na yeye aende shambani atakavyo. Barabara ya Dongo Kundu imefunguka mpaka upande wa Kwale, si lazima tena asote kwenye feri ya Likoni. Tena ana likizo za mwaka huu. Badala ya kuziuza, azitumie kukaa huko wiki tatu mfululizo, mvua ikinyesha na umeme ukipotea. Wengi hamu hupungua kidogo, wengine huongezeka, na vyote viwili ni majibu.

Lini? Asijiuzulu. Huyo rafiki wa kazini anasimulia habari ya zamani. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 imeondoa kodi kwenye mafao ambayo mfuko uliosajiliwa unamlipa mtu aliyefikia umri wa kustaafu. Anayetoka kabla ya wakati ndiye anayeweza kuingia kwenye maswali ya kodi. Serikalini umri wa kustaafu ni 60. Kwenye kampuni binafsi hakuna umri mmoja wa wote, mkataba ndio unaosema, na wake umesema 60. Amalize. Kama mwili unamchosha, aombe kuondolewa zamu ya usiku, na aombe kwa barua. Kampuni ikitaka kumwongezea mkataba wa mwaka mmoja mmoja baada ya hapo, naye ana nguvu, asikatae kwa kiburi: kila mwaka anaofanya kazi ni mwaka ambao ile milioni 3.6 haijaguswa.

Kabla kadi ya matibabu ya kampuni haijafa, afanyiwe kila kipimo: macho, figo, moyo, meno. Wagonjwa wa sukari huharibikiwa na macho na figo kimya kimya. SHA, bima ya afya ya serikali, nayo inabadilika. Sasa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Akishatoka atakadiriwa kulingana na hali ya nyumba yenu, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Pesa hiyo iwekwe kando siku ya kwanza kabisa, kabla ya mbuzi.

NSSF, mpoze moyo. Sidhani ameibiwa. Kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 tu kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Hiyo ni 4,800 kwa mwaka. Miaka ishirini ya makato hayo ni shilingi 96,000 kabla ya faida. Tangu 2023 makato ni asilimia 6 ya mshahara na mwajiri anatoa asilimia 6 nyingine, hadi kikomo kilichowekwa, lakini kwake yeye mabadiliko yalikuja jioni. Anachopaswa kufanya ni kuchukua taarifa ya michango na kuangalia mwezi baada ya mwezi kama kuna mahali mwajiri alikata na hakupeleka. Akikuta pengo, alifuate sasa, angali ana kitambulisho cha kazi na anajulikana getini. Wazee wengi nimewaona wakirudi kudai kampuni ikiwa ishabadilisha jina na karani wa mishahara ashahama.

Sasa lile la mkupuo, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Mumeo anasema atapewa zote. Ameisoma wapi? Kuna mifuko ya aina mbili. Ukiwa mfuko wa pensheni, atachukua taslimu hadi theluthi moja, kwake yeye milioni 1.2, na theluthi mbili zilizobaki, milioni 2.4, zinageuzwa kuwa malipo ya kila mwezi. Ukiwa mfuko wa akiba, ule unaoitwa providenti, anaweza kuchukua zote, lakini halazimiki. Ahadi zote alizompa binamu na alizompa mtoto huenda amezitoa kwenye pesa ambazo kanuni za mfuko wake hazimruhusu kuzishika. Aende kwa anayeshughulikia pensheni hapo kazini aulize swali hilo moja, ajibiwe kwa maandishi. Wakimzungusha, mifuko yote iko chini ya mamlaka ya mafao ya kustaafu, RBA, na mwanachama ana haki ya kulalamika huko.

Malipo ya kila mwezi hununuliwa kutoka kampuni ya bima, na hapa ndipo wake wengi hupoteza bila kujua. Mtu hupewa fomu yenye machaguo. Chaguo lenye tarakimu kubwa zaidi mara nyingi ni lile linalomlipa yeye peke yake hadi kufa, kisha basi. Chini yake kuna jingine lenye tarakimu ndogo kidogo, linaloendelea kumlipa mke baada ya mume kufariki, na jingine lenye muda wa uhakika, tuseme miaka kumi, ambao malipo hayakatiki hata mwenyewe akiondoka. Mume anayejaza fomu peke yake ofisini, haraka haraka, huchagua tarakimu kubwa. Si kwa ubaya. Nenda naye siku hiyo. Chaguo hilo likishatiwa sahihi na malipo yakaanza, kulibadilisha ni vigumu mno.

Na riba? Hapo simcheki, anauliza swali la Muislamu. Lakini asijibiwe na walio barazani. Apeleke karatasi za mfuko kwa mwanachuoni anayeelewa mambo ya mali, amweleze pesa zimewekezwa wapi. Akiona bima haimkai moyoni, kuna njia ya pili: pesa zinabaki kwenye mfuko uliosajiliwa, zinawekezwa, naye anachota kiasi kwa mwaka, kinachobaki akifa kinawafuata warithi. Kenya kuna mifuko inayoendeshwa kwa kufuata sharia, isiyoshika riba wala pombe. Ubaya wa njia hii ni kwamba mtu anaweza kuchota mpaka zikaisha. Ila kusema pensheni ni riba, halafu uzitoe zote umkabidhi dalali wa Majengo, hiyo si dini, mwanangu, hiyo ni haraka.

Kuna karatasi nyingine ndogo iulizie wiki hii: fomu ya wanaonufaika, aliyojaza siku alipojiunga na mfuko. Wanaume wengi waliijaza wakiwa makapera, wakaandika mama au kaka. Ikiwa ya mumeo haijaguswa tangu hapo, aijaze upya.

Tuktuk hapana. Mtoto akitaka biashara, ampeleke baba kwenye hesabu ya mafuta, bima, dereva na vipuri, na aweke pesa yake ya kwanza. Baba akitaka kumsaidia, amsaidie kwa kiasi ambacho kikipotea chote hakuna atakayelala njaa, na kiasi hicho kikiandikwa kabla.

Na wewe mwenyewe? Hakuna mwajiri anayekukatia. NSSF wana mpango wa Haba Haba kwa wafanyabiashara wadogo, wa shilingi 25 kwa siku, sawa na 9,125 kwa mwaka ukiweka kila siku. Si pesa za kutajirisha, wala sikudanganyi. Lakini ni kwa jina lako, na ukiwa na 50 bado una miaka ya kuzidisha kiwango hicho siku mauzo yakiwa mazuri. Kama uko kwenye kikundi cha kuweka akiba, usikiache kwa sababu hiyo, ila jua kikundi kikivunjika akiba nayo huvunjika.

Namna ya kuyafikisha haya: usimkabili mbele ya watu na usiyaseme yote usiku mmoja. Mngoje Ijumaa akishakula, mwambie unaomba vitu viwili tu, kanuni za mfuko na kauli ya maandishi kwamba ni wa pensheni au wa providenti. Mengine yote yanangoja hapo, pamoja na binamu. Akikuuliza pesa za nani, mjibu kwa upole kwamba wewe hutaki kuzishika, unataka kujua zitakulisheni mpaka lini. Karatasi hizo zikipatikana, niandikie tena unitajie aina ya mfuko na machaguo waliyompa, kwa sababu jibu langu kuhusu Msambweni linaweza kubadilika.